Ndege kongwe ya njia mbili, saa 12, daraja la kawaida: nichague kiti gani na nijiandae vipi?

MgeniWaMawingu

Wadau, habari za leo. Mimi na mke wangu tunasafiri moja kwa moja, saa 12 hewani, daraja la kawaida. Siku hiyo shirika lina ndege mbili kwa bei ileile. Ya kwanza kwenye tiketi imeandikwa 333, na nimefuatilia nikakuta ina miaka 18. Ya pili ni 789, ya miaka minne tu. Moyo unanivuta kwenye mpya, lakini ramani ya viti inaonyesha kongwe imepangwa 2-4-2 (viti viwili kila upande wa dirisha, vinne katikati) na mpya 3-3-3, ndipo nikasita. Nina urefu wa sentimita 188. Kwenye ile kongwe, viti viwili vya pamoja vilivyobaki ni safu ya mbele ukutani, safu chache nyuma kidogo ya bawa, na mkiani. Mngechagua ndege ipi, kiti kipi, na nibebe nini ambacho watu husahau?

SafuYa23

Mkuu, usianze na umri, anza na upana. 333 ni Airbus A330-300, na 789 ni Boeing 787-9. Kabini ya A330 ina upana wa mita 5.28 ndani, ya 787 ina mita 5.49. Ukisikia hivyo utadhani 787 ina nafasi zaidi, ila gawa kwa idadi ya viti vya safu moja: 5.28 kwa 8 ni sentimita 66 kwa abiria, 5.49 kwa 9 ni sentimita 61. Hesabu hiyo imejumlisha njia za kupita, lakini zote mbili zina njia mbili, kwa hiyo ulinganisho unasimama. Mabega yako yataziona hizo sentimita tano kabla hata chakula hakijaja. Kwa kawaida kiti cha A330 hufika inchi 18 na cha 787 huwa karibu 17.

Kwa hesabu hiyohiyo, Boeing 767, iliyoanza kubeba abiria mwaka 1982, yenye mpangilio wa 2-3-2 na kabini ya mita 4.72, inampa abiria sentimita 67. Ni kongwe kuliko zote tunazozitaja hapa, na kwa upana inazishinda. Boeing 777 ndiyo ya kuangalia kwa makini, kwa sababu ilizoeleka kwa viti 9 kwa safu, kisha mashirika mengi yakabana hadi 10 ndani ya mita zilezile 5.87. Kumi kwa safu ni chini ya sentimita 59. Ukiona 772 au 77W, yaani misimbo ya 777, kwenye tiketi, fungua ramani ya viti uhesabu kabla hujalipa.

Kwa wawili, 2-4-2 ina faida nyingine kubwa: mnakaa dirishani na njiani, hakuna mtu wa tatu wa kumruka usiku wa manane.

Ila nisikufiche, 787 ina ubora wa kweli kwenye hewa. Shinikizo la ndani huwekwa kana kwamba uko kwenye mlima wa mita 1,800, wakati ndege za bati la aluminiamu kama A330 zinaruhusiwa kufika mita 2,400. Hewa yake nayo haikauki kiasi kile. Mtu anayeumwa kichwa kila akipanda ndege, au mwenye pua nyepesi kutoka damu, ningemwambia achukue 787 na avumilie kubanwa. Wewe wa sentimita 188 pamoja na mkeo, chukueni A330, safu za nyuma kidogo ya bawa, pande za viti viwili.

Kuhusu magoti: nafasi kati ya safu na safu huamuliwa na shirika, siyo kiwanda, na mara nyingi ni inchi 31 au 32. Viti vya zamani vina mgongo mnene, kwa hiyo inchi 31 za kiti kizee humpa goti nafasi ndogo kuliko inchi 31 za kiti chembamba cha kisasa. Dawa yake ni mfuko wa magazeti ulio mbele ya magoti. Ukifika tu, toa majarida yote uyaweke kabati la juu, bakiza kadi ya usalama. Na wewe usiweke humo chupa wala tableti.

FundiKabini

Amesema vyema hapo juu. Mimi niongelee kiti chenyewe, maana bodi la miaka 18 linaweza kuwa na viti vya miaka mitatu, au vya miaka 15. Ni vitu viwili tofauti.

Kama viti ni vya zamani, jambo la kwanza ni kisanduku cha umeme wa skrini. Kwenye mifumo ya zamani kila kundi la viti lina kisanduku cha chuma sakafuni, chini ya kiti cha mbele yako, na kinakula karibu nusu ya mahali pa mguu. Kwenye viti viwili kinampata mmoja wenu. Anayekipata awe mwenye miguu mifupi, siyo wewe. Ramani nzuri za viti huonyesha kipo upande gani. Zisipoonyesha, chungulia kabla hamjakaa mkabadilishane.

Pili, sponji. Hulegea na kushuka katikati, mwishowe unalisikia fremu la mbele likikata nyuma ya mapaja. Kosa la wengi ni kukunja blanketi na kulikalia lote. Hapo unapanda juu, mgongo unapoteza egemeo la kiuno. Likunje liwe bapa la unene wa vidole viwili, liweke nusu ya nyuma ya kiti tu, ili nyonga ziinuke na uzito utoke kwenye lile fremu.

Tatu, kulaza kiti. Kitufe kinavuta waya mwembamba unaofungua kifunga cha mgongo. Waya ukirefuka, kitufe kinazama bila kitu kutokea. Ukikibonyeza, sukuma mgongo kwa mabega kwa wakati mmoja, mara nyingi kitaachia. Kifunga chenyewe kikichoka, kiti hakikai wima, na hicho hakiruhusiwi kukaliwa ndege ikipaa, kwa hiyo usikinyamazie.

Ukikaa tu jaribu kiti kukilaza na kukirudisha, mkanda, meza, taa, skrini na sauti. Mweleze mhudumu mapema. Milango ikishafungwa ndipo anapojua viti gani vimebaki wazi, na dakika zile chache kabla ya kuanza kusogea ndizo za kuhamia. Skrini ikiganda, wahudumu wanaweza kuiwasha upya kwa kiti kimoja kutoka kwenye paneli yao. Omba kabla ya chakula, siyo wakati matoroli yako njiani.

Umeme sasa. USB ya kiti cha zamani mara nyingi hutoa volti 5 kwa nusu ampea, yaani wati 2.5. Betri ya simu ya mAh 4,000 ina kama wati-saa (Wh) 15, kwa hiyo hata bila upotevu ni saa sita, na ukiwa unaitazama simu haijai kamwe. Soketi ya kawaida, ikiwepo, huwa ya volti 110 na kikomo cha wati 75 hivi. Kompyuta mpakato yenye betri tupu na huku inatumika huvuka hapo, soketi inajizima. Chomoa, subiri taa yake irudi, zima kompyuta kabisa kisha ichaji ikiwa imezimwa. Soketi hizo pia zimelegea kwa kutumika. Chaja nzito inaanguka yenyewe, beba yenye waya mrefu kati ya plagi na boksi.

Tundu la sauti linaweza kuwa la pini mbili. Ukichomeka hedifoni ya pini moja unasikia sikio moja tu. Adapta yake ni ndogo na rahisi, iweke kwenye begi la mkononi.

Dirishani_A

Safu ya ukutani isikushawishi, mkuu. Meza na skrini zimefichwa kwenye mikono ya kiti, kwa hiyo mikono haipandi na kiti kinakuwa chembamba zaidi. Begi haliruhusiwi sakafuni wakati wa kupaa na kutua. Miguu mirefu haina chini ya kiti cha mbele pa kunyooka, na ndipo panapofungwa vitanda vya watoto wachanga.

Kuhusu mkiani: bodi la A330 linabanika kule nyuma, hivyo safu za mwisho hubadilika kuwa 2-3-2. Wengine wanapapenda kwa sababu hiyo. Lakini njia inapinda, na toroli likipita linakugonga kiwiko au goti. Injini ziko mbele yako, kelele ni kubwa kuliko mbele ya bawa, na ndege ikitikisika mkia ndio unaosikia zaidi. Hapo bawani patulivu kwa mtikisiko.

MgeniWaMawingu

Asanteni sana, nimechukua A330, safu ya nyuma ya bawa, A na C. Mambo mawili yamebaki. Mke wangu anahofia usalama wa ndege ya miaka 18. Na miguu yake huvimba. Ana haja ya soksi za kubana?

FundiKabini

Mwambie dada kwamba bodi la ndege halichoshwi na kalenda. Linachoshwa zaidi na idadi ya kupaa na kutua, maana kila safari linajazwa hewa likatanuka, kisha likashuka likanywea. Ndege ya masafa ya saa 12 haiwezi kuzidi safari mbili kwa siku. Kwa miaka 18 hata ikiruka kila siku ni 13,140. Ndege ya masafa mafupi yenye safari sita kwa siku inafika hapo kwa miaka sita. Boeing 737 ya Aloha Airlines iliyopasuka paa angani mwaka 1988 ilikuwa na miaka 19, lakini ilikuwa imeruka mara 89,680. Baada ya hapo ukaguzi wa ndege zinazozeeka uliongezwa makali. Kwenye matengenezo makubwa kabini hung'olewa, viti, paneli na sakafu, ili fremu zikaguliwe kwa macho na kwa vipimo.

Asishtuke pia kuona maji yakidondoka darini wakati wa kupaa au kushuka. Unyevu wa pumzi za abiria huganda nyuma ya paneli, kwenye bati lenye baridi kali, kisha huyeyuka. Siyo mafuta. Aombe tishu na, kama kiti kipo, ahame.

MuuguziMsafiri

Kuvimba kifundo cha mguu baada ya saa nyingi za kukaa ni kawaida na huisha ndani ya siku moja au mbili. Kinachotakiwa kuogopwa ni damu kuganda kwenye mshipa wa ndani wa mguu. Shirika la Afya Duniani lilichapisha mwaka 2007 kwamba safari ya saa nne au zaidi huongeza hatari hiyo takriban mara mbili, ila kwa mtu mwenye afya inabaki kama mtu 1 kati ya 6,000. Hatari inapanda kwa mjamzito, aliyefanyiwa upasuaji karibuni, mwenye saratani, anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, na aliyewahi kuganda damu. Kama shemeji yumo humo, aonane na daktari kabla ya safari. Asianze aspirini kwa kujiamulia.

Soksi zinasaidia. Achukue za kufika chini ya goti, kipimo cha milimita 15 hadi 20 za zebaki, na apimwe kifundo na sehemu nene ya shavu la mguu asubuhi kabla hajavimba. Azivae kabla ya kupanda. Ukingo wa juu ukijikunja unageuka kamba ya kufunga mguu, aukunjue mara moja. Mwenye mishipa ya ateri iliyoziba miguuni asizivae bila ushauri. Soksi hazichukui nafasi ya kusimama: kila saa mbili atembee, na akiwa amekaa ainue visigino na vidole kwa zamu, mara 20 hadi 30. Akae njiani yeye, walio dirishani hawainuki.

Kwenye mita 2,400 shinikizo ni kama robo tatu ya lile la usawa wa bahari, kwa hiyo hewa iliyofungiwa inatanuka kwa karibu theluthi. Tumbo litaona: soda na maharage apunguze tangu siku moja kabla. Mto wa shingo wa kupuliza ajaze theluthi mbili tu. Lenzi za macho atoe, avae miwani, na maji yenye chumvi ya kupuliza puani yasaidie ukavu. Mkanda afunge juu ya blanketi, wahudumu wauone bila kumwamsha.

SafuYa23

Nyongeza mbili. Pawabenki ikae nawe kabini, kamwe isiingie kwenye mzigo wa chini. Zidisha mAh kwa 3.7, gawa kwa 1,000: ya 20,000 ni Wh 74, inapita. Zaidi ya 100 hadi 160 inahitaji kibali cha shirika. Tangu 2025 mashirika kadhaa yamekataza kuitumia hewani au kuiweka kabati la juu, soma masharti ya lako.

Na rudia kuangalia ramani ya viti saa 72 kabla, kisha saa 24. Ndege ikibadilishwa, mfumo unakupangia viti upya wenyewe na mara nyingi hautumi ujumbe. Dalili ni msimbo kuacha kuwa 333, au safu yenu ya A na C kuonyesha ghafla herufi B katikati. Ukiliona hilo, pigia shirika siku hiyohiyo, kabla viti vya pamoja havijaisha.