Naomba ushauri: spika za LS50 Meta au Heresy IV kwa chumba cha mita 4 kwa 4?

Mwanasanturi:
Wakuu, salaam. Marehemu baba aliniachia santuri za Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, Cuban Marimba, na za taarabu chache. Nimedunduliza miaka mitatu nizisikilize inavyostahili. Ndugu yangu anakuja Desemba kutoka Uingereza na atanibebea spika, kwa hiyo nikikosea hakuna kurudisha. Chumba ni mraba, mita 4 kwa 4, dari mita 3, kuta za tofali, chini tailizi, kochi limeegemea ukuta wa nyuma. Amplifaya ninayo, wati 60 kila upande. Nimebaki na mbili: KEF LS50 Meta au Klipsch Heresy IV. Spika nilizonazo zinaniumiza kichwa: besi ikifika noti fulani chumba kizima kinavuma, glasi kabatini zinalia, na noti nyingine hazisikiki kabisa. Nataka gitaa la Mbaraka nilisikie uzi kwa uzi.

Kifua_cha_Dansi:
Heresy, mkuu, usiwaze mara mbili. Ina desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 99 kwa wati moja, LS50 ina 85. Tofauti hiyo ya 14 maana yake LS50 inataka nguvu kama mara 25 ndipo ifikie sauti ileile. Halafu Heresy ina koni, ile sehemu ya spika inayotetemeka, ya inchi 12. Niliisikia kwa rafiki yangu Nairobi, tarumbeta zilikuja hadi usoni.

Mpigabesi_Tanga:
Kifua, spika umeisifu kwa haki, ila kwa chumba hiki siafiki. Mwanasanturi, mimi ni mpiga gitaa la besi na hiyo noti yako naijua. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde, na kuta zikiachana mita 4, kwenda na kurudi ni mita 8, hivyo mvumo wa kwanza unaangukia 43 Hz, yaani mitetemo 43 kwa sekunde. Ndipo F ya chini ya gitaa la besi ilipo. Kwa vile chumba ni mraba, urefu na upana vinavuma noti moja, vinaongezeana nguvu. Na wewe umeweka mgongo ukutani, pale mvumo unapojaa kuliko pote! Ukikaa katikati kabisa, F itatoweka. Heresy inashuka hadi 48 Hz, itauchochea zaidi. LS50 besi yake inaanza kupungua chini ya 79 Hz, na wati 60 zinaitosha kwa chumba hicho. Kabla hujatuma senti, vuta kochi leo, masikio yawe kama mita 1.3 kutoka ukuta wa nyuma.

Bi_Sahani:
Mdogo wangu, piga kofi moja humo ndani. Ukisikia mlio mkavu unaotetemeka, tailizi na kuta zinarushiana sauti. Tandika zulia zito mbele ya kochi. Kisha ukae, mtu atembeze kioo kwenye ukuta wa pembeni. Utakapoiona spika ndani ya kioo, hapo ndipo pa kuweka fremu ya mbao yenye pamba ya mawe ya kunyonya sauti, unene sentimita 10, ifunikwe kitenge. Nami nina swali: sindano ya santuri umebadilisha lini? Iliyolika inakwangua santuri za mzee, na hizo hazirudi.

Mwanasanturi:
Dada, sindano ni ileile aliyoniachia baba. Leo sipigi tena santuri hadi nipate mpya, asante sana. Kochi nililivuta jana usiku nikajaribu kwa simu. Glasi zimenyamaza. Na nimesikia gitaa la rithimu likikwaruza taratibu nyuma ya sauti, ambalo miaka yote hii sikujua kama lipo. Nachukua LS50, tofauti ya bei inakwenda kwenye sindano na pamba. Stendi nitachomelewa na fundi, nijaze mchanga. Ziwe na urefu gani?

Mpigabesi_Tanga:
Kaa kwenye kochi, mtu akupimie kutoka sakafuni hadi sikioni. Katikati ya koni ifike hapohapo.