Naomba ushauri: kutoa injini ya dizeli kwenye boti ya matanga na kufunga mota ya umeme

Wakuu, salaam. Nipo Tanga, nina boti ya matanga ya zamani, futi 30, yenye injini ya dizeli ya HP 18. Injini imechoka, inavuja oili na spea hazipatikani. Nataka kuitoa nifunge mota ya umeme ya volti 48.

Kwa kawaida natoka na injini, napita kisiwa cha Toten, nikifika nje ya ghuba napandisha tanga. Kazi ipo kurudi, upepo ukikata.

HP 18 ni kama kilowati 13, ila mwendo wa taratibu hauhitaji nguvu yote hiyo. Betri za lithiamu za volti 48, ampea-saa (Ah) 200, zinabeba karibu kilowati-saa 9.6. Mota ikila kilowati 3 napata saa tatu hivi, na sipendi kuzikausha kabisa. Kwa ghuba inatosha. Kwa Pemba haitoshi, na ule mkondo si wa kuchezea! Je, nibebe jenereta ndogo, au sola za juu ya kibanda zitasaidia chochote cha maana?

Jingine ni propela. Ya sasa ilipimwa kwa dizeli. Nibadilishe au niiache? Na uzito: injini ikitoka, nyuma itanyanyuka, kwa hiyo nafikiria kupanga betri palepale ilipokuwa, chini kabisa. Lakini maji ya chumvi hukusanyika huko huko.

Aliyewahi kufunga mfumo huu pwani yetu, tafadhali anieleze alivyokinga nyaya na betri zisiliwe na chumvi. Fundi mzuri Tanga au Dar pia namhitaji.