Bwawa likijaa huko juu, Lamu hukatika: nani anatusemea?

Assalamu alaykum waungwana. Nimenyamaza tangu Novemba 2023, nilipolala siku tatu Gamba, kwenye barabara ya Garsen kwenda Lamu, na makreti ya nyanya yaliyokuwa yakienda Mokowe, barabara ikiwa imemezwa na maji, lakini juzi nimemsikia tena mtu mzima akisema kwamba mabwawa ya Mto Tana yanatukinga na mafuriko, na subira imeniishia.

Bwawa la Masinga, lililo juu kwenye mto huo na lililokamilika mwaka 1981, lilijengwa liweke zaidi ya mita za ujazo bilioni 1.5, nalo ndilo hulisha mabwawa manne ya umeme yaliyo chini yake hadi Kiambere. Bwawa la umeme hutakiwa lijae. La kuzuia mafuriko hutakiwa liwe na nafasi tupu kabla ya mvua kuanza, na huwezi kulijaza na kuliacha tupu kwa wakati mmoja. Udongo unaoporomoka kutoka mashamba ya milimani nao umekwisha kula sehemu ya nafasi ile. Likifurika, maji hujimwaga yenyewe, na sisi wa chini ndio tunaoyapokea. Mwaka 2024 watu wa Garissa, Hola na Garsen waliambiwa wahamie sehemu za juu, kana kwamba nchi yetu hii tambarare ina mlima!

Najua kuna mito inayoingia Tana chini ya Kiambere, ambayo hakuna bwawa linaloizuia. Ndiyo sababu moja ya kupangwa kwa bwawa la High Grand Falls, ambalo tumelisikia miaka na miaka na bado ni la makaratasi. Wala simo miongoni mwa wanaotaka mto ufungwe kabisa, kwa kuwa maji matamu yakipungua, ya bahari hupanda hadi mashamba ya mpunga na miembe ya Ozi, karibu na mto unapoingia baharini, na wenyeji wa huko wanaujua uchungu huo kuliko mimi.

Ninachodai ni kidogo: kiwango cha maji kitangazwe kila wiki kabla ya masika na vuli, na bwawa lipunguzwe mapema, kidogo kidogo, hata kama umeme utapungua. Nimeandika barua mbili kwa ofisi inayohusika, na zote hazikujibiwa. Aliyewahi kujibiwa atueleze alimwandikia nani, kwa maana nyanya zangu zilioza pale pale Gamba na hakuna aliyeniuliza hasara.