Siku moja na nusu ya mafunzo, vitabu vya Kenya vikapotea kwenye kompyuta, na lawama tukabebeshwa sisi!

Wadau, naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Mimi ni mhudumu wa maktaba hapa Nairobi, upande wa Eastlands, huu ni mwaka wangu wa kumi na tisa kazini. Maktaba sitaitaja, mwajiri sitamtaja, na yule mshauri aliyeletwa kutufunza naye sitamtaja, maana nina watoto shuleni na mshahara bado nauhitaji. Lakini yaliyotupata lazima yasemwe.

Wiki jana kwenye mkutano, mbele ya wageni, mkubwa wetu alisimama akasema mfumo mpya wa mtandaoni umekwama kwa sababu "wafanyakazi wa zamani hawataki kubadilika". Sisi wa zamani tulikuwa watatu, tumekaa mstari wa mbele. Mmoja wetu amebakisha miezi minane astaafu. Aliinamisha kichwa. Mimi niliinua mkono nijibu, nikaambiwa muda umekwisha.

Basi jibu langu ni hili.

Mafunzo yenyewe yalikuwa siku moja na nusu. Tulipelekwa ukumbi wa hoteli, watu thelathini na mmoja kwa kompyuta nne. Mshauri alisimama kando ya projekta akapitisha picha za skrini moja baada ya nyingine: bonyeza hapa, kisha hapa, kisha hifadhi. Katalogi ya mtandaoni, yaani orodha ya vitabu vyote vya maktaba, fomu ya kusajili wasomaji, ukurasa wa matangazo, faili ya pamoja ambayo watu kadhaa wanaiandika kwa wakati mmoja, mikutano ya video. Yote hayo kwa siku moja na nusu, na hiyo nusu ikaliwa na hotuba na kupiga picha za pamoja. Mwenzangu aliuliza, "Sasa hii katalogi inakaa wapi? Ndani ya hii kompyuta au huko nje?" Akaambiwa asijali, hayo ni ya mafundi. Lakini hilo ndilo lilikuwa swali la maana kuliko yote siku ile! Usipojua kitu chako kinawekwa wapi, siku kikipotea utaanzia wapi kukitafuta?

Tukarudi kazini. Nenosiri kuu la mfumo likabaki kwa mshauri. Namba ya kuthibitisha kila tunapoingia inatumwa kwenye simu ya mtu mmoja tu, naye akiwa likizo tunampigia huko kwao atusomee. Intaneti ya ofisi ilikatika wiki ya pili, na hadi leo siku nyingi nanunua bando kwa pesa yangu, nawasha intaneti ya simu niweke juu ya kaunta, ndipo mtoto wa watu aweze kuazima kitabu. Hakuna aliyewahi kunirudishia hata shilingi.

Lakini hayo tungevumilia. Lililoniumiza ni lile faili.

Tulikuwa na orodha ya vitabu kwenye Excel, ile programu ya majedwali. Niliiandika mimi na yule mwenzangu anayekaribia kustaafu, miaka mitatu, tukinakili kutoka kwenye kabati la kadi, droo moja baada ya nyingine. Jina la kitabu, mwandishi, mchapishaji, mwaka, namba ya rafu, na ISBN, ile namba ya kukitambulisha kitabu iliyo nyuma yake. Tuliandika kwa uangalifu, hata alama za juu za majina ya Gĩkũyũ tuliziweka, ĩ na ũ, kwa sababu jina la mtu ni jina lake. Machi 2025 mshauri akataka faili hilo. Akalifungua, akalihifadhi kwa namna nyingine, akalipakia kwenye mfumo mpya. Hakutuuliza lolote na hakuweka nakala.

Wanaojua Excel mtaelewa mara moja kilichotokea. Namba ya ISBN ya sasa ina tarakimu 13, tangu Januari 2007. Ukiiandika kwenye kisanduku ambacho hakijaambiwa kwamba haya ni maandishi, Excel huichukua kama hesabu na kuifupisha. Vitabu vingi vilivyochapishwa Kenya vinaanza na 978-9966. Vyote hivyo vilisomeka hivi: 9.78997E+12. Ukihifadhi faili kama maandishi matupu likiwa hivyo, tarakimu zilizobaki zimekwenda. Hazirudi.

Sasa tazameni jambo lenyewe. Mamia ya vitabu vya nyumbani, vya wachapishaji wetu wa hapa hapa Nairobi, vikawa na namba moja. Na mfumo umepangwa kwamba vitabu vyenye ISBN moja ni kitabu kimoja. Ukaviunganisha! Kamusi, kitabu cha kilimo cha mboga, riwaya ya Kiswahili, kitabu cha hadithi za watoto, vyote vikaingizwa chini ya rekodi moja kana kwamba ni nakala za kitabu kimoja. Vya Uingereza navyo viliharibika, tena vile vya zamani vya tarakimu kumi vikapoteza sifuri ya mwanzo, lakini havikurundikana pamoja kama vyetu. Maktaba iko Nairobi, na vitabu vya Kenya ndivyo visivyopatikana.

Na zile alama tulizoziweka kwa uangalifu? Faili lilihifadhiwa kwa utaratibu mmoja wa herufi, mfumo ukalisoma kwa mwingine. Ngũgĩ akawa NgÅ©gÄ©.

Mei 28, 2025 mzee Ngũgĩ wa Thiong'o alifariki. Siku zilizofuata watu walikuja maktaba kwa wingi ambao sikuwa nimeuona kwa muda mrefu. Wanafunzi, wazee, vijana wa bodaboda wakiwa na helmeti mkononi. Wote wanataka Ngũgĩ. Wanaandika jina lake kwenye ile kompyuta ya wasomaji, inajibu: hakuna kilichopatikana. Na vitabu viko pale, hatua kumi na mbili kutoka kwenye kiti, mimi najua rafu kwa macho yaliyofumbwa! Nilisimama siku nzima nikiwapeleka watu mmoja mmoja kwa mkono. Jioni bibi mmoja alikuja na mjukuu wake, akaniuliza kwa upole, "Mama, kwa hivyo huyu mliacha kuweka vitabu vyake?" Sikulala vizuri usiku ule.

Halafu naambiwa mimi ndiye sitaki kubadilika.

Nilianza kusoma mwenyewe. Usiku, kwa simu, baada ya kazi za nyumba. Nikakuta habari za maktaba ya umma ya Charlotte, huko North Carolina, Marekani. Mwaka 2006 mkutubi anayeitwa Helene Blowers aliwaandalia wafanyakazi wa pale mafunzo ya vitu 23: kufungua blogu, kuweka picha mtandaoni, kuandika pamoja kurasa za mtandaoni ambazo kila mtu anaweza kuzihariri, kupokea habari mpya za tovuti mbalimbali mahali pamoja, na kadhalika. Vitu vidogo vidogo, kila mtu kwa mwendo wake, kwa wiki tisa. Aliyemaliza alizawadiwa kicheza muziki kidogo cha MP3. Wiki tisa! Na mengi waliyofundishwa yalikuwa ya kujaribu kwa mkono, ukosee, urudie. Vyombo vingine vya wakati ule vimekufa tangu zamani. Google Reader, kwa mfano, iliyokuwa ya kupokea hizo habari za tovuti, ilifungwa Julai 2013. Lakini aliyeelewa habari zinavyotoka kwenye tovuti na kumfikia msomaji alihamia chombo kingine bila tabu. Sisi tulifundishwa vitufe, na kitufe kikihamishwa upande wa pili wa skrini tunabaki tumekodoa macho.

Niwaambie aliyenifunza mimi hasa ni nani. Ni kijana wa chuo aliyekuja kwetu kwa atachimenti ya miezi mitatu. Wakati wa chakula cha mchana tunakaa nyuma ya rafu za marejeo, ananionyesha polepole. Akanifundisha kuiambia safu nzima ya Excel kwamba ni maandishi kabla sijaandika ISBN hata moja. Akanifundisha kwamba faili la asili haliguswi, unafanya kazi kwenye nakala. Akanionyesha jinsi rekodi ya kitabu inavyokaa kwa namba: 100 ni mwandishi, 245 ni jina la kitabu, 020 ndiyo ISBN. Wallahi nilifurahi kama mtoto, kwa sababu ni zile zile kadi zetu! Yaliyokuwa mstari wa kwanza na wa pili wa kadi sasa yamepewa namba. Kama mshauri angesema sentensi hiyo moja pale hotelini, yule mama anayestaafu angeelewa siku ile ile, maana kadi hizo amezipanga miaka thelathini. Mimi nami nikamfundisha kijana kwa nini kwenye Dewey, ule mpango wa namba za kupanga vitabu rafuni, fasihi ya Kiswahili inakaa 896.392 na lugha yenyewe 496.392. Hakuwa anajua. Kwenye mfumo mpya zote zimewekwa 800, namba ya fasihi kwa jumla, basi.

Kijana huyo pia ndiye aliyeniambia kuhusu Koha, programu huria ya maktaba iliyoanza kutumika New Zealand Januari 2000, jina lake kwa Kimaori maana yake zawadi. Haina malipo ya leseni. Sisi tulinunuliwa mfumo ambao hatuwezi hata kutoa humo orodha yetu wenyewe bila kumpigia mshauri. Nani aliamua hivyo, na kwa nini hakuna mkutubi aliyeulizwa?

Na lipo jingine linalonitia hofu zaidi ya hasira. Ile fomu ya kusajili wasomaji iliunganishwa na faili la pamoja ambalo yeyote mwenye kiungo anaweza kulifungua. Nililifungua kwa simu ya mwanangu, bila nenosiri lolote. Majina ya watoto, shule zao, mtaa wanaokaa, namba za simu za wazazi, namba za vitambulisho! Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na inasema wazi kwamba data ya mtoto haichukuliwi bila idhini ya mzazi au mlezi. Niliripoti kwa maandishi. Jibu nililopewa kwa mdomo ni kwamba naleta siasa. Wiki mbili baadaye kiungo kilikuwa bado wazi, nikakiondoa mimi mwenyewe kwenye ule ukurasa wa matangazo, na kwa hilo nimeandikiwa barua ya onyo.

Ninachodai si kikubwa. Saa mbili kwa wiki, ndani ya saa za kazi, za kukaa na kujifunza. Mfumo wa majaribio ambao tunaweza kuuharibu bila msomaji kuumia. Nenosiri kuu liwe ofisini kwetu. Mwongozo wa Kiswahili, maana ule wa Kiingereza una kurasa 84 na hakuna aliyeufikisha mwisho, hata huyo mkubwa. Na yule mama aombwe radhi kabla hajastaafu, mbele ya watu, kama alivyoaibishwa mbele ya watu.

Kwa sasa nachukua kitabu kimoja kimoja rafuni, naangalia nyuma, naandika ISBN upya. Nimefika cha 312. Kadi zetu bado zipo, niliziokoa zilipokuwa zinapelekwa kutupwa, ziko kwenye makatoni stoo.

Ninawaomba wanaojua hizi kazi za herufi: je, kuna njia ya kuzirudisha hizi Å© na Ä© ziwe ũ na ĩ kwa mkupuo kwenye rekodi zote, bila nenosiri kuu? Nina uwezo wa kurekebisha rekodi moja moja tu. Na kuna aliyewahi kutenganisha rekodi zilizounganishwa kimakosa? Nielezeni hatua kwa hatua, nitafuata. Niko zamu ya asubuhi hadi Jumamosi.