Kipande cha reli Bububu: nitajuaje ni cha gari la moshi la zamani?

MkaaziWaMtoni
Assalaam alaykum. Bububu, hapa Unguja, kuna chuma kimefanywa nguzo ya lango, umbo lake ni reli, chatoka ardhini kama mita moja na nusu. Ubavuni kina herufi zilizovimba, kutu imezila. Ni cha gari la moshi la Bububu? Upana wa njia waweza kujulikana hapo?

FundiChuma
Waalaykum salaam. Upana hautoki kwenye reli moja. Hupimwa baina ya nyuso za ndani za vichwa vya reli mbili, au kwenye taruma (mhimili unaolazwa chini ya reli) lenye matundu ya misumari. Njia ya Bububu ilikuwa futi 3, yaani milimita 914. Reli ya kati ya bara, ile ya zamani, ni 1,000, TAZARA 1,067.

Unachoweza kupata hapo ni uzito, na tafadhali usikikate. Chora ncha ya juu kwenye karatasi ya miraba ya milimita, hesabu eneo kwa sentimita za mraba, zidisha kwa 0.785: hizo ni kilo kwa mita. Zidisha tena kwa 2 upate ratili kwa yadi, maana reli za zama zile zilipimwa hivyo. Eneo la 20 latoa kilo 15.7, kama ratili 31 na nusu.

Herufi zisugue kwa brashi ya waya ya mkono. Grainda itazimaliza! Usiku laza tochi ubavuni, mwanga upite sambamba na chuma. Herufi zitatupa kivuli, piga picha.

BintiMalindi
Ukipata mwaka, ulinganishe. Njia hii ilijengwa na kampuni ya Marekani, ikafunguliwa 1905 kutoka Ngome Kongwe, maili 7. Serikali iliinunua 1911. Reli ya baada ya hapo yaweza kuwa ya matengenezo. Njia ya Sultani Seyyid Barghash ilikwenda Chukwani, kusini, na Bububu iko kaskazini, kwa hiyo usiifikirie kwanza.

Na jina Bububu halikutokana na mlio wa injini, ingawa husemwa sana. Seyyida Salme, binti wa Sultani, alikaa Bububu kabla hajaondoka Unguja 1866, yaani jina lilikuwepo kabla ya gari la moshi.

MkaaziWaMtoni
Ahsanteni. Kitako kimeliwa upande mmoja, nichore vipi?

FundiChuma
Piga mstari katikati ya shingo, kutoka kichwani hadi kitakoni. Hesabu upande mzima tu, kisha zidisha kwa 2. Bado utapata pungufu kidogo kwa ajili ya kutu, basi uzito ukiangukia baina ya vipimo viwili vya reli chukua kile kizito.