Tupeane uzoefu: sedani ya kifahari, bora inayokulea mwili au inayokaba barabara?

Mtoto wa Korogwe (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam. Wenye sedani kubwa, au mliowahi kuwa nazo, njooni tupeane uzoefu. Toyota Crown, Mark X, Mercedes E-Class, BMW, Lexus, yoyote ile. Sitaki maneno ya brosha, nataka maneno ya mgongo.

Naanza na yangu. Miaka miwili iliyopita nilinunua Crown Athlete, lile umbo lililotoka mwishoni mwa 2003 ambalo Wajapani huliita Zero Crown. Kwangu mimi Crown ilikuwa Crown tu, kiti cha waziri. Sikujua kwamba Toyota waliitoa kwa tabia mbili: Royal ya mzee anayekaa nyuma, na Athlete ya kijana anayependa kushika usukani mwenyewe. Mimi niliona grili, nikaona rimu za inchi 18, nikalipa. Kosa langu, sikuuliza.

Safari ndefu ya kwanza nilimbeba mama, Dar hadi Korogwe. Huko mbele mimi nilikuwa peponi, gari limekaa kwenye kona kama limebandikwa. Mama hakusema neno njia nzima. Tulipofika akashuka, akajishika kiuno, akalizunguka gari mara moja, akasema: "Mwanangu, gari lako zuri, ila lina hasira."

Nani mwingine ameambiwa gari lake lina hasira?

Bwana Matuta

Mimi gari napimia matuta ya Mikumi. Royal unayahesabu kwa masikio, Athlete unayahesabu kwa meno. Nimemaliza.

Mama Wawili, Iringa

Msiisifie Royal kupita kiasi. Sisi tunayo. Dar hadi Morogoro ni kitanda kabisa, unasinzia. Shida inaanza kwenye kona za mlima Kitonga. Gari linalala upande huu, linalala upande ule, na mume wangu hapunguzi mguu kwa sababu yeye ana usukani wa kushikilia. Mtoto wa nyuma hana cha kushikilia. Safari mbili mfululizo mdogo wangu ametapika palepale mlimani, siku hizi naweka mfuko mapema kabla hatujaanza kupanda. Halafu kwenye lami yenye mabonde mapana likishuka linapanda, linashuka tena, ndipo litulie. Raha gani hiyo?

Fundi wa Ilala

Dada, hapo mwisho umenipa ugonjwa. Gari likipita bonde linatakiwa lishuke, lipande, litulie. Likirudia mara ya pili, shokapu zimekufa. Springi kazi yake kubeba, shokapu kazi yake kuzuia springi isiendelee kucheza. Wateja wengi wananiambia "gari langu laini sana" kumbe wanaendesha springi tupu.

Na mwanzisha uzi, nikuulize: tairi zako zimeandikwa namba gani? Upepo unaweka ngapi?

Mtoto wa Korogwe

Fundi, zimeandikwa 245/35R19. Hizi za 19 niliziweka mwenyewe wiki chache baada ya kununua, zile za 18 niliona ndogo. Upepo sijui, huwa namwambia kijana wa sheli "jaza".

Fundi wa Ilala

Hahaha! Basi hasira umeiongeza mwenyewe.

Chukua kalamu. Ile namba ya katikati ni asilimia: urefu wa ukuta wa tairi ukilinganisha na upana wake. Royal ya injini ya lita 2.5 ilikuja na 215/60R16, ukuta wake milimita 129. Athlete ilikuja na 225/45R18, ukuta milimita 101. Ya kwako ni 86. Yaani ukilinganisha na Royal umetoa zaidi ya sentimita nne za mpira na hewa kati ya chuma na shimo, halafu kijana wa sheli akamalizia kwa kujaza mpaka tairi linalia kama ngoma. Kuna kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva kinachoonyesha upepo wa gari hilo. Kisome.

Rimu kubwa pia ni nzito, na uzito ulio chini ya springi ndio mbaya kuliko wote. Gurudumu zito likirushwa na shimo linachelewa kurudi chini.

Nyie wawili mmejitokeza hapa, ila ninayekutana naye kila wiki ni mteja wa aina ya tatu: kanunua gari la starehe, kakata springi liinamie barabara, halafu analalamika bushi za lowa amu, zile raba za mkono wa chini unaoshika gurudumu, hazidumu.

Msafiri wa Nakuru

Jirani zenu tuko hapa. Langu lilikuwa la Ulaya, lenye saspenshoni ya hewa, yaani badala ya springi za chuma linakaa juu ya mipira iliyojazwa hewa, jina nitalihifadhi. Sijawahi kukalia kitu kama hicho. Ukibonyeza kitufe kimoja ni zulia, ukibonyeza kingine linakazana kama limevaa mkanda. Kuteremka Mai Mahiu huku limekazwa nilikuwa najiona dereva wa Safari Rally.

Asubuhi moja nikatoka nyumbani nikapata limepiga magoti mbele kama ngamia. Nikaliwasha, likainuka polepole, nikashukuru Mungu nikaenda kazini. Hilo ndilo lilikuwa kosa. Mpira wa hewa ulikuwa na ufa, usiku unavuja, na kila nikiwasha gari kompresa, ile pampu ya hewa, inahangaika kujaza kitu kisichojaa, hadi nayo ikaungua. Nikalipia mpira na kompresa. Miezi mitatu baadaye ukaenda mpira wa upande wa pili. Mwishowe niliweka springi za kawaida. Linatembea vizuri tu, lakini ile raha haikurudi, na taa ya onyo kwenye dashibodi imekuwa mwanafamilia.

Anayetaka gari la hewa lililotumika, aliache limezimwa usiku mzima na alipime kimo asubuhi kabla hajatoa hata shilingi.

Mjukuu wa Malindi, Muscat

Asalaam alaykum. Huku kwetu lami nzuri, kwa hivyo hoja ya mashimo haipo, na bado watu wazima wananunua laini. Mjomba wangu ana Lexus LS, mimi nina sedani ya Kijerumani yenye saspenshoni ya michezo. Tumekwenda Salalah pamoja, karibu kilomita 1,000, njia imenyooka jangwani kama rula. Nikajiuliza, ugumu huu nimeulipia wa nini? Kona hakuna, na gari lenyewe linakupigia kengele ukipita 120. Tulipofika mjomba akaenda kutembea baharini. Mimi nililala.

Ila mie tena nikirudi kwenye kona za milimani, yeye ndiye ananiomba niende taratibu.

Mstaafu wa Wizara

Vijana, mnabishana kana kwamba ulaini na kukaa barabarani ni maadui. Nimeendesha Peugeot 504 ya ofisi miaka mingi. Ilikuwa laini kuliko hizo Crown zenu, na mbio za Safari Rally ilishinda 1975, ikarudia 1978 kwa umbo la coupé, lile la milango miwili. Siri yake: springi laini zenye nafasi ndefu ya kushuka na kupanda, tairi nene, na shokapu ambazo Peugeot walitengeneza wenyewe. Kwenye kona iliinama, ndiyo, lakini magurudumu hayakuachia ardhi.

Wafaransa wenzao Citroën walienda mbali zaidi. DS ya 1955 haikuwa na springi za chuma, ilikaa juu ya mafuta na gesi, na Rolls-Royce wenyewe wakanunua leseni ya teknolojia hiyo kwa ajili ya Silver Shadow ya 1965. Ugumu huu mnaouita "spoti" kwa kiasi kikubwa ni mitindo. Rimu kubwa inapendeza kwenye picha.

Bwana Matuta

Mzee shikamoo. Umetuumiza.

Mama Wawili, Iringa

Fundi, mrejesho. Tumebadilisha shokapu zote nne. Ile ya kupanda na kushuka mara mbili imekwisha. Kwenye kona za Kitonga bado linalala, ila safari hii mfuko haukutumika. Mume wangu anasema ni kwa sababu ya shokapu. Mimi nasema ni kwa sababu nilikuwa naendesha mimi.

Mtoto wa Korogwe

Nami mrejesho. Nimepata rimu za inchi 17 zilizotoka kwenye Royal ya lita 3.0, tairi 215/55. Za 16 nilizitaka lakini Fundi aliniambia nijaribishe kwanza kama zitapita juu ya kalipa za breki, nikaona nisihangaike. Upepo nimeweka wa kwenye kibandiko. Shokapu hazikuwa na tatizo, sikuzigusa.

Jumamosi nilimrudisha mama Korogwe. Alianza kusinzia kabla ya Chalinze, akaamka pale Segera akaniuliza kama nimenunua gari jingine. Sitawadanganya lakini, ule wepesi wa usukani kwenye kona umepungua kidogo, nimeusikia mkononi kabisa. Zile za 19 nimeziuza. Za 18 ziko stoo, nyuma ya magunia ya mkaa, mke wangu hajui.