Bibi yuko kwa Paola

*Kikundi: UKOO WA BIBI, TANGA 🌴*

Mama Mdogo: Shikamoo Mama. Jana usiku simu inaita weee hupokei, nikaingiwa na wasiwasi.

Bibi: Marahaba mwanangu. Nilikuwa kwa Paola.

Shangazi Muscat: Paola yupi tena huyo? Jirani mpya?

Mjukuu: 😂 Paola Bracho, Shangazi. La usurpadora, ile tamthilia ya Meksiko ya 1998. Namwekea Bibi kwenye simu na kumtafsiria. Nyumba nzima hatulali.

Shangazi Muscat: Uuuwi! Yule aliyemkuta Paulina kule Cancún, anahudumu vyooni, sura moja kama kivuli chake! Akambambikia bangili ya almasi, kisha anamwambia chagua, polisi au ukakae kwangu mwaka mzima ujifanye mimi. Na yeye huyoo, kwenda kula raha. Nilimchukia mimi!

Baba Mdogo: Mnamchukia bure. Mtoeni Paola mtabaki na nini? Paulina analia, anasali, analia tena. Carlos Daniel, mume wa Paola, kazi yake kukunja uso na kunyoosha shati.

Mama Mdogo: Wewe unampendea nguo.

Baba Mdogo: Na kicheko. Kicheko mmekisahau?

Katibu Michango: Samahani kuwakatisha ndugu zangu, mchango wa sendofu mwisho Ijumaa.

Bibi: 🎤 *(naiandika mimi Mjukuu, maana Baba Mdogo yuko kikaoni)* Nyie mnamhesabia wanaume. Mara Willy, mume wa wifi yake, mara nani. Hayo hata hapa mtaani yapo, wala hamuwaiti hao wabaya, mnawaita wajanja. Mimi ninamwogopa kwa ile chupa. Yule bibi wa mumewe, Bibi Piedad, mtu mzima wa heshima, amekuwa mlevi. Na anayempa pombe ni Paola. Hamshiki shingo akamnywesha. Anakuja na tabasamu, maneno matamu, anampa chupa, huyo kaondoka zake. Wengine wakimnyima, bibi anaona wanamtesa. Kwa hiyo anayempenda ni nani humo ndani? Paola! Haya niambieni, utamshitaki kwa kosa gani mtu aliyekupa ulichokiomba?

Mama Mdogo: Duh.

Shangazi Muscat: Mama umenigusa. Mimi nilikuwa naiona ile kama kichekesho tu.

Mama Mdogo: Halafu mkubwa wa nyumba akilewa, nani atauliza kiwanda cha familia kinafia wapi?

Bibi: Umeona sasa! Ndiyo maana Paulina alipoingia alianza na kumwachisha bibi pombe. Bibi alipopata fahamu zake, nyumba ikapata mwenyewe.

Mjukuu: Aliyecheza Bibi Piedad ni Libertad Lamarque, Muajentina, mwimbaji mkubwa wa muziki wa tango enzi zake. Kazaliwa 1908. Hapo ana miaka 89.

Bibi: 89 na anakariri maneno yote yale! Na mimi mnanikataza kupanda ngazi.

Mama Mapacha: Mimi nawaza huyo Gabriela Spanic, kucheza wote wawili. Akiwa Paola kidevu juu, nyusi moja inapanda. Akiwa Paulina mabega yanashuka. Unamjua kabla hajafungua mdomo. Na unajua ana pacha wake wa kweli? Daniela, naye mwigizaji.

Shangazi Muscat: Wewe na mapacha wako utaacha kuyajua hayo?

Mjukuu: Wameirudia 2019. Humo Paola ni mke wa rais wa Meksiko, na anamleta pacha wake ili auawe yeye, dunia ijue Paola amekufa.

Bibi: Huyo jambazi. Kuua kunataka akili gani? Nirudishie yule wa kwanza.

Baba Mdogo: Nimetoka kikaoni. Naendelea kumtetea mteja wangu. Aliyeburutwa mahakamani kwa udanganyifu ni nani? Paulina! Paola karudi, kakaa kwenye kiti cha magurudumu anajidai amepooza, watu wanampa pole. Wakigeuka tu, anasimama! Mpaka nesi wake Elvira akamgundua, wakaja wakaishia wote wawili kwenye ajali ya gari

Shangazi Muscat: WEWEEE

Mama Mdogo: Futa! Mama hajafika huko!

Baba Mdogo: 🚫 *Ujumbe huu umefutwa*

Mjukuu: Umechelewa Baba Mdogo. Nilikuwa namsomea kwa sauti.

Baba Mdogo: Mama nisamehe.

Bibi: Kwani mlitaka mtu kama yule afe kwa malaria?

Mama Mapacha: 😂😂😂😂

Katibu Michango: Ndugu zangu, IJUMAA. Mpaka sasa ametoa Mama Mapacha peke yake.

Baba Mdogo: Katibu hizo hela anatunza nani? Isije ikawa tuna Paola humu.

Katibu Michango: Ninatunza mimi, na wewe unadaiwa tangu ile ya mwezi wa tatu.

Shangazi Muscat: Mteja wa wakili kapatikana 🤣

Bibi: Changu mjukuu atakuletea kesho asubuhi. Sasa niacheni, nikaone usukani ulishikwa na nani.